Shimo la Muhanga Lina Wapangaji Wengi

Mkulima wa Chumbi, wilayani Rufiji, akikuta shimo kubwa pembeni mwa shamba, wa kwanza kulaumiwa ni ngiri. Ni kweli ngiri hulala humo, lakini mara nyingi si yeye aliyelichimba. Mchimbaji ni muhanga, mnyama ambaye majirani zake wengi huzeeka bila kumwona, maana hutoka giza likishaingia na kurudi ardhini kabla ya mapambazuko.

Muhanga aliyekomaa ana uzito wa kilo 40 hadi 65 hivi. Chakula chake ni mchwa na sisimizi. Hutembea akinusa ardhi, na akifika kwenye kichuguu hukipasua kwa kucha za miguu ya mbele, kisha huingiza ulimi wenye utelezi unaofikia sentimita 30. Matundu ya pua huyafunga vumbi lisiingie, na ngozi nene humkinga na wadudu wanaong'ata. Meno yake hayana enameli: kila jino ni mirija myembamba iliyoshikamana, nalo hukua maisha yote. Kwa meno hayo wanasayansi wamemweka katika oda ya peke yake, Tubulidentata. Ukimtazama utadhani ni jamaa wa nguruwe, kumbe kinasaba yuko karibu zaidi na tembo, pimbi na sange.

Katika majangwa ya Australia yuko mchimbaji mwingine wa usiku, bilby, mwenye masikio marefu na mfuko wa kulelea watoto. Mdomo wa mfuko huo umeelekea nyuma, hivyo udongo haumwagikii watoto mama anapochimba. Muhanga hana mfuko. Hubeba mimba kwa miezi saba hivi, huzaa mtoto mmoja, na kumficha shimoni kwa takriban wiki mbili kabla ya kuanza kutoka naye. Wawili hawa hawana undugu wa karibu, ila mashimo ya wote wawili huwafaa wanyama wengine.

Shimo la makazi la muhanga laweza kufika urefu wa mita 13, likiwa na milango kadhaa. Ndani hakuna joto kali la mchana wala baridi kali ya usiku. Muhanga akihama, wapangaji huingia: nungunungu, nguchiro, fisi, chatu, na ngiri, ambaye huingia kinyumenyume ili pembe zake zibaki zikielekea mlangoni. Moto wa nyika ukipita juu, walio ndani husalimika.

Lakini muhanga mwenyewe si wa kudumu. Katika ukame wa mwaka 2012 na 2013 huko Kalahari, Afrika Kusini, watafiti walikuwa wakifuatilia muhanga sita; watano walikufa, kwa kuwa nyasi zilikauka na mchwa wakaadimika.

Kwa hiyo, ukikuta shimo shambani, usilizibe wala kulitia moto, na usitege waya mlangoni. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Tena ukimuua muhanga, umewabakizia mchwa shamba lako.