MACHO MAZIMA, LAKINI HAYAONI

Huku kwetu Rangwi mtu akianza kutoona vizuri, tunasema ni uzee, au ana mtoto wa jicho. Mara nyingi ni kweli. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Leo tueleze sababu nyingine. Haitokei kila siku, lakini ikicheleweshwa ni hatari: saratani iliyofika kwenye ubongo.

Tunaonaje?
Jicho hupokea mwanga. Mishipa ya fahamu hupeleka habari hadi sehemu ya nyuma ya ubongo, pale kwenye kisogo. Njia hiyo ikiharibika, mtu haoni, hata kama jicho ni zima.

Saratani hufikaje huko?
Saratani, au kansa, ni chembe za mwili zinazoota bila mpango, kama magugu shambani. Chembe nyingine hung'oka na kusafiri katika damu. Saratani ya mapafu na ya titi ni kati ya zile zinazofika kichwani mara nyingi. Huko uvimbe mpya huota. Fuvu la kichwa halitanuki, basi ubongo hubanwa.

Dalili zake
Kichwa huuma, hasa asubuhi, na mgonjwa hutapika. Wengine huanguka kifafa ukubwani, au mkono mmoja hulegea. Mwingine hujigonga mlangoni kila mara upande ule ule, au haoni kapu la maharage lililo kushoto kwake. Mwambieni afumbe jicho moja, kisha la pili. Kama macho yote mawili hayaoni upande ule ule, huenda shida iko ubongoni. Miwani haitasaidia.

Tufanye nini?
Tusingoje mavuno yaishe. Twendeni zahanati mara moja. Kama mgonjwa aliwahi kuwa na uvimbe wa titi, hata kama alitibiwa zamani, tusifiche. Kutoka hospitali ya wilaya, Lushoto, ataandikiwa barua ya kwenda mbele kupigwa picha ya kichwa. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996, hutibu kwa mionzi. Dawa za kupunguza uvimbe nazo husaidia, na wachache hupasuliwa.

Hatuwadanganyi: kupona kabisa ni vigumu. Lakini anayewahi anaweza kupata nafuu, pengine hata kuona tena. Mshipa wa jicho ukishakufa, haufufuki.

Na nyumbani, tumwekee mgonjwa chakula na fimbo upande anaouona. Tusimcheke wala tusimtafutie mchawi.