Mafunzo ya Ustawi Kazini Yaanze kwa Msimamizi

Msongo wa kazi ni hali inayompata mfanyakazi pale majukumu yanapozidi muda, nyenzo au uhuru alionao wa kuyatekeleza, na kwa kipindi kifupi hali hiyo si ugonjwa wala si aibu, kwa kuwa mwili wenyewe umeumbwa kuikabili: tezi za adrenali zilizoko juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu na akili hukaa macho. Hatari huanza pale tahadhari hiyo inapokosa kutulia, kwa sababu mtu asiyepata usingizi wa kutosha wala siku ya mapumziko huishi kana kwamba yuko katika dharura kwa miezi mfululizo, mpaka akafikia kile kinachoitwa uchovu sugu wa kazi.

Uchovu huo ulielezwa kitaalamu mwaka 1974 na mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyeuona kwa watumishi wa kliniki iliyotoa huduma bila malipo jijini New York, naye alibaini kwamba walioathirika kwa urahisi ni wale waliojitoa kwa moyo wote. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha dodoso la kuupima, ambalo bado linatumika sana. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, haliuhesabu uchovu huo kuwa ugonjwa, bali huutaja kuwa hali itokanayo na ajira, yenye alama tatu ambazo ni kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Na chanzo chake, kwa mujibu wa toleo hilo, ni msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo.

Wodini alama hizo huonekana waziwazi. Muuguzi anayebaki peke yake zamu ya usiku na wagonjwa wengi kuliko awezavyo kuwahudumia huanza kwa kuchelewa kujaza chati za dawa, kisha huacha kumwita mgonjwa kwa jina lake na kumtaja kwa namba ya kitanda, na asubuhi, wakati wa makabidhiano ya zamu, husema maneno machache yanayotosha tu kumruhusu aondoke. Wenzake hudhani amekuwa mvivu au mwenye kiburi, kumbe huyo ndiye aliyekuwa akibaki baada ya zamu kumfariji mama aliyefiwa na mtoto, na kumhukumu kwa tabia bila kuitazama ratiba yake ni kumdhulumu mara ya pili.

Jibu la waajiri wengi ni semina ya siku moja ambamo wafanyakazi hufundishwa kuvuta pumzi polepole, kupanga muda na kuwa na fikra chanya. Mbinu hizo si za kubezwa, maana pumzi ndefu na ya polepole hushusha kweli mapigo ya moyo, lakini hazipunguzi idadi ya vitanda. William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 kutokana na takwimu za wafanyakazi 46,336 nchini Uingereza, alikuta kwamba walioshiriki programu za namna hiyo, zinazomlenga mtu mmoja mmoja, kwa jumla hawakuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakushiriki. Sababu inafahamika tangu mwaka 1979, Robert Karasek alipoonyesha kwamba kazi inayodhuru zaidi ni ile yenye majukumu mazito huku anayeifanya akiwa hana kauli juu ya namna ya kuifanya. Na utafiti wa watumishi wa serikali jijini London, ulioanza mwaka 1985, ukaja kuhusisha ukosefu huo wa kauli na ongezeko la magonjwa ya moyo.

Mwenye kauli juu ya ratiba ni msimamizi, kwa hiyo mafunzo yaanzie kwake. Katika kikosi cha zimamoto na uokoaji cha jimbo la New South Wales, Australia, wasimamizi walipewa mafunzo ya saa nne tu kuhusu kutambua dalili za matatizo ya afya ya akili na namna ya kuzungumza na mfanyakazi aliyeathirika, hata akiwa yuko nyumbani kwa ruhusa ya ugonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba, katika miezi sita, ruhusa za ugonjwa unaotokana na kazi zilipungua chini ya wasimamizi waliofunzwa, ilhali ziliongezeka chini ya wale waliokuwa bado hawajafunzwa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini, linapendekeza mafunzo kwa wasimamizi sambamba na kurekebisha mazingira yenyewe ya kazi.

Kwa msimamizi wa Tanzania, somo la kwanza lingefaa kuwa sheria iliyopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na likizo ya mwaka ya siku 28, ambayo katika ofisi nyingi huahirishwa kila mara kana kwamba ni hisani ya mwajiri. Baada ya hapo ndipo afundishwe kuuliza kwa faragha, kusikiliza bila kukemea, na kumwelekeza anayehitaji tiba kwa mtaalamu bila habari zake kuzagaa katika kundi la WhatsApp la idara. Dodoso lijazwe bila majina kabla ya mafunzo na tena miezi sita baadaye, na matokeo yake yafikishwe kwa yule mwenye mamlaka ya kuongeza mtu wa pili katika zamu ya usiku.