Mgeni Katika Mashindano ya Tenisi ya Wimbledon

Wasikilizaji wetu, kila mwaka mwezi wa Juni unapokaribia kwisha, macho ya wapenda tenisi duniani huelekea Wimbledon, mtaa ulio upande wa kusini-magharibi wa mji wa London. Huko hufanywa mashindano ya majuma mawili, nayo ni ya kale kupita mashindano yote ya mchezo huu. Sifa za washindi husikiwa kila mahali. Leo twapenda kumweleza mtu asiyetajwa sana, yaani mtazamaji. Mgeni asiye na mali nyingi wala rafiki mwenye cheo huingiaje pale, na akiisha kuingia atazame nini?

Yafaa tuanze na asili ya mashindano yenyewe. Yalifanywa mara ya kwanza mwaka 1877. Wachezaji walikuwa 22, wanaume watupu, na watazamaji kama 200 walilipa shilingi moja moja kuuona mchezo wa mwisho, aliposhinda Spencer Gore. Wanawake walianza kushindana mwaka 1884. Mwaka 1922 mashindano yalihamia viwanja vya Church Road, ambavyo vyatumika hata leo. Kwa miaka mingi mchezo huu ulikuwa wa watu wenye nafasi, na mtu aliyecheza kwa malipo hakuruhusiwa kuingia katika mashindano hayo mpaka mwaka 1968. Mwaka 1957 Althea Gibson wa Marekani alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja hapo, na mwaka 1975 Arthur Ashe akawa mwanamume mweusi wa kwanza. Basi yaonekana ya kuwa milango ya Wimbledon haikufunguka yote kwa siku moja.

Na mtazamaji naye ana milango yake, nayo ni mitatu. Wa kwanza ni wa wenye mali: wao hukikopesha chama fedha nyingi za kujengea, na kwa ajili hiyo hupata kiti cha kila siku kwa muda wa miaka mitano. Wa pili ni wa kura, uliowekwa tangu mwaka 1924. Mtu huandikisha jina lake mapema, kisha hungoja bahati yake. Wa tatu ni foleni, na huo ndio mlango wa mgeni.

Tuseme tumefika London bila tikiti. Twapanda gari la reli ya chini ya ardhi, twashuka katika stesheni ya Southfields, kisha twaenda kwa miguu mpaka Wimbledon Park, uwanda mpana wa majani. Hapo twakuta watu wameketi kwa safu juu ya mablanketi, wengine wakisoma, wengine wakinywa chai. Kila afikaye hupewa namba yake kwa jinsi alivyotangulia. Namba hiyo si ya kuuza wala ya kumpa mwingine. Haifai kumwekea nafasi rafiki ambaye hajafika. Mtu aweza kuondoka kidogo kwa haja zake, walakini asipitishe nusu saa. Wanaotaka viti vya viwanja vikubwa hulala papo hapo katika mahema, na hema moja ni la watu wawili tu. Alfajiri wasimamizi hupita wakiwaamsha, na mahema hukunjwa.

Je, taabu hiyo ina faida? Inayo. Kila siku viti kama 500 vya Centre Court, kiwanja kikuu kinachochukua watu karibu 15,000, huwekwa kwa ajili ya watu wa foleni, isipokuwa katika siku nne za mwisho. Wasiopata viti hivyo hununua tikiti ya kuingia viwanjani, ambayo bei yake ni ndogo zaidi.

Mgeni aliyepata tikiti hiyo ndogo asisikitike. Katika juma la kwanza wachezaji hodari hutawanyika katika viwanja 18, na michezo ya viwanja vidogo huanza saa tano asubuhi. Hapo mtazamaji huketi karibu sana, hata asikie pumzi za mchezaji na mlio wa nyuzi za raketi. Mwaka 2010 John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza katika kiwanja cha 18 kwa saa 11 na dakika 5, katika muda wa siku tatu, na seti ya mwisho ikaisha kwa 70 kwa 68. Huo ni mchezo mrefu kupita yote katika tenisi, wala haukuchezwa katika kiwanja kikuu. Tangu mwaka 2022, seti ya mwisho ikifika sita kwa sita, huamuliwa kwa kushindania pointi kumi, na mshindi sharti azidi kwa pointi mbili.

Atazame na majani pia. Hukatwa yabaki na kimo cha milimita 8, na mpira ukigonga juu yake huruka chini na kwa kasi. Siku ya kwanza kiwanja ni kijani kitupu. Juma la pili likifika, mahali wachezaji wanaposimama nyuma pamekuwa udongo mkavu. Wachezaji wote huvaa nguo nyeupe, ndiyo sheria. Mwewe afugwaye hurushwa asubuhi ili kuwafukuza njiwa. Waamuzi wa mistari hawapo tena. Tangu mwaka 2025 kazi yao hufanywa na mitambo.

Adabu ya mtazamaji ni nyepesi. Mpira unapochezwa, kimya. Wala mtu asiinuke kitini mpaka wachezaji wanapobadilishana pande. Jioni, wanaotoka mapema katika viwanja vikubwa hurudisha tikiti zao, nazo huuzwa tena kwa bei ndogo, na fedha zake hupewa wenye shida. Desturi hiyo yatoka mwaka 1954, na kwa njia hiyo aliyeingia kwa tikiti ndogo aweza kumaliza siku yake katika Centre Court.

Twamaliza kwa habari ya nyumbani Afrika ya Mashariki. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, walishinda mashindano ya wasichana ya wawili wawili hapo Wimbledon. Hakuna Mkenya aliyepata kushinda katika mashindano makubwa ya tenisi ya vijana kabla yake. Vijana hucheza aghalabu katika viwanja vidogo, mbele ya watu walioingia kwa tikiti ya foleni. Basi ndugu msikilizaji, ukijaliwa kufika, chukua mwavuli, blanketi na chakula chako, ushike zamu yako bila kusukumana. Subira yavuta heri. Na ukiingia, pitia kwanza viwanja vya pembeni, maana yamkini bingwa wa kesho yuko huko.