Ukiambiwa Tonado Inakuja, Usitoke Kuitazama

Usiku wa kuamkia Desemba 11, 2021, saa saba na dakika kadhaa, tonado iliupiga mji wa Bowling Green katika jimbo la Kentucky, Marekani. Watu 17 walipoteza maisha. Mji huo umepokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Kwa mtu aliyekulia Uvira au Bukavu, dhoruba ya aina hiyo ni jambo geni kabisa. Tena ilikuwa Desemba, wakati miezi inayoogopwa zaidi ni Aprili hadi Juni.

Sisi tunaijua chamchela, ile inayozungusha vumbi na mifuko ya plastiki uwanjani jua linapowaka. Hiyo huanzia chini, kwenye ardhi iliyopata joto, na mara nyingi haina madhara makubwa. Tonado huzaliwa juu, ndani ya wingu la radi. Hewa yenye joto na unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hupanda kwa nguvu, na kwa kuwa upepo wa juu unavuma kwa kasi na mwelekeo tofauti na ule wa chini, hewa hiyo huanza kuzunguka. Mzunguko ukifika ardhini, upepo wa tonado kali kabisa unaweza kuzidi kilomita 320 kwa saa.

Ukali wake hupimwa kwa madaraja, kuanzia EF0 hadi EF5, yanayotokana na kazi ya mwanasayansi Ted Fujita. Lakini daraja hutolewa baadaye, wataalamu wakishakagua magofu. Kwa hiyo anayengoja kujua kama hii ni kubwa au ndogo ndipo akimbie, anangoja jibu litakalokuja kesho yake.

Kinachoua zaidi ni vitu vinavyorushwa na upepo, yaani mbao, mabati na vioo, pamoja na nyumba inayoporomoka. Tazama mlango wa gereji, ule mpana wa bati jepesi. Ukibonyea na kung'oka, upepo huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje ukilivuta juu. Paa likiondoka, kuta hazina tena cha kuzishika. Ndiyo maana ushauri wa zamani wa kufungua madirisha ili "kupunguza presha" ni upuuzi mtupu: unaukaribisha upepo ndani na unapoteza dakika ambazo huna.

Simu ikiandika "Tornado Watch", maana yake hali ya hewa inaweza kuzaa tonado saa chache zijazo. Endelea na shughuli zako, ila chaji simu, weka viatu karibu na ujue watoto wako wapi. Ikiandika "Tornado Warning", rada imeona mzunguko au mtu ameiona tonado yenyewe, na wewe umo katika eneo la hatari. Hapo una dakika chache tu. Huko Joplin, Missouri, Mei 22, 2011, watu zaidi ya 150 walifariki. Uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba wengi walisikia king'ora lakini hawakujificha mara moja. Walitaka kwanza kuhakikisha: wengine wakawasha televisheni, wengine wakatoka kuangalia anga. Mimi naelewa kabisa, kwa kuwa ving'ora hulia mara nyingi na tonado isionekane. Lakini usiku, au ikiwa imefunikwa na mvua, huioni hata ukitoka. Na ving'ora vimewekwa kwa ajili ya walio nje, hivyo aliyelala amefunga madirisha asivitegemee. Acha ujumbe wa dharura wa simu ukiwa umewashwa hata kama unakukera, au nunua redio ya hali ya hewa inayotumia betri.

Kujificha ni hesabu ya kuta. Kama nyumba ina chumba cha chini ya ardhi, shukeni huko. Kama haina, nendeni ghorofa ya chini kabisa, kwenye choo, kabati la nguo au ujia ulio katikati, usio na dirisha, ili kuta nyingi ziwatenge na nje. Chuchumaeni, mjifunike godoro au blanketi nzito. Helmeti ya baiskeli ya mtoto inafaa sana, kwa sababu majeraha ya kichwa ndiyo ya kuogopwa.

Anayeishi kwenye treila, yaani nyumba ya kuhamishika, hana chumba salama ndani yake, hata kama imefungwa imara ardhini. Huyo aondoke mapema, wakati bado ni "Watch", aende kwenye jengo imara alilolichagua siku ya jua. Na walio barabarani wasijibanze chini ya daraja. Huko Oklahoma, Mei 3, 1999, waliofanya hivyo walikutana na upepo uliobanwa ukazidi nguvu, na baadhi yao walikufa.

Ikishapita, vaeni viatu vyenye soli ngumu kabla ya kupiga hatua, maana misumari na vioo hutapakaa kila mahali. Msiguse waya ulioanguka. Mkisikia harufu ya gesi, tokeni bila kuwasha taa wala kiberiti. Na jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoweza kuua familia nzima usingizini.