Uwanja wa Mpira wa Wavu Shambani: Tengeneza, Lakini Linda Udongo

Ndugu mkulima, vijana wako wakimaliza kukamua ng'ombe jioni huenda wapi? Wengi huenda barabarani au madukani. Kama ungependa wacheze karibu na nyumbani, mpira wa wavu unafaa kuliko michezo mingi, kwa kuwa hauhitaji nafasi kubwa. Wasichana nao wasisahauliwe. Timu ya wanawake ya Kenya ilicheza katika Olimpiki za mwaka 2000, 2004, zile za Tokyo zilizofanyika 2021, na za Paris 2024.

Lakini sisi tulio katika mashamba ya makazi, hasa nyanda za juu kama Kinangop, tuna mambo mawili ya kuangalia: mteremko na udongo wa mfinyanzi. Udongo huu ukinywa maji huvimba, na ukikauka hupasuka. Ukiukata ovyo kwenye mteremko, mvua ya kwanza itauteremsha hadi kwenye kabichi za jirani. Hapo mchezo umegeuka kesi.

Hesabu kwanza

Uwanja wenyewe una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Ongeza mita 3 kila upande za kukimbilia. Jumla ni mita 24 kwa 15, yaani mita za mraba 360. Hiyo ni kama sehemu moja katika kumi na moja ya ekari. Ukipanda viazi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mahali hapo huchukua mashina 1,600. Kwa hiyo keti na mkeo na watoto mshauriane, na mchague mahali ambapo mazao hayakui vizuri. Usikaribie ukingo wa mto wala jiwe la mpaka.

Pima mteremko

Piga kigingi juu, na kingine mita 15 chini yake. Funga kamba chini kabisa kwenye kigingi cha juu, uivute hadi kigingi cha chini, na uinyoshe kwa pimamaji. Sasa pima kutoka kamba hadi ardhini kwenye kigingi cha chini. Ukipata sentimita 75, mteremko ni 5 kwa 100, na kazi inawezekana kwa jembe na toroli. Ukipata zaidi ya mita moja na nusu, tafuta mahali pengine.

Upande mrefu wa uwanja ufuate usawa wa kilima, kama mnavyofanya na matuta. Ni kweli kwamba uwanja unaoelekea kaskazini na kusini huwaepusha wachezaji na jua la jioni machoni. Lakini jua na kilima visipopatana, fuata kilima.

Mtaro kabla ya uwanja

Watu wengi huanza kwa kusawazisha, kisha hukumbuka maji mvua inaponyesha. Wewe anza na mtaro. Uchimbe mita 2 juu ya uwanja, kina sentimita 30, na udongo utupwe upande wa chini uwe boma. Mtaro ushuke polepole, kiasi cha sentimita 50 katika mita 100, na umwagie maji penye majani mengi ndani ya shamba lako. Usiyaelekeze kwa jirani wala barabarani.

Kukata na kujaza

Anza kazi mvua za vuli zikisha, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Finya konzi moja mkononi: ukishikamana bila kukunata vidoleni, uko tayari. Ondoa udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, uuweke kando. Huo ni wa bustani ya mboga na wa kufunika ukingo. Usiuzike chini ya uwanja.

Kisha kata upande wa juu na ujaze upande wa chini. Jaza tabaka la sentimita 15, shindilia, ndipo uongeze jingine. Ukijaza yote mara moja, upande wa chini utabonyea masika yakija. Usiufanye uwanja kuwa sawa kabisa: upande wa chini uwe chini kwa sentimita 15, ili maji yateleze kwa upana wake wote. Ukingo wa chini uulaze, mita mbili kwenda nje kwa kila mita moja ya kimo, na upande nyasi za kikuyu siku hiyo hiyo.

Juu ya mfinyanzi weka muram uliochekechwa mawe, unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa. Kama pesa ni chache, weka mahali pa kuchezea tu, mita 18 kwa 9. Itatosha kiasi cha mita za ujazo 20, yaani safari 4 za lori la kubeba mita 5. Pembeni pabaki nyasi.

Nguzo na wavu

Nguzo ziwe na urefu wa mita 3 na nusu, na mita moja iingie ardhini, kila moja mita 1 nje ya mstari wa pembeni. Shindilia mawe na muram kuzizunguka. Mfinyanzi ukivimba na kunywea huzilegeza. Juu ya wavu pawe mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake.

Mvua kubwa ya kwanza inaponyesha, vaa koti utoke na jembe. Tazama maji yanapita wapi. Yakianza kuchimba mfereji ukingoni, ziba kwa mawe na nyasi siku ile ile, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Na uwanja ukiwa bado na matope, vijana wangoje. Nyayo za siku moja ya matope hukauka zikawa mashimo ya msimu mzima.