Kidole cha mpara samaki

Mwiba wa changu ulimchoma chini ya ukucha wa kidole gumba. Mama yule wa soko la Feri, Dar es Salaam, hakushtuka. Alikitumbukiza kidole kwenye ndoo ya maji ya bahari anayosuuzia samaki, akaendelea kupara. Chumvi ni dawa, mwanangu, akaniambia. Watu wa pwani tumelelewa hivyo.

Nami nimelelewa hivyohivyo. Ndiyo maana ndoo ile haikuniacha.

Bahari yenye joto ni makao ya bakteria wa jamii ya vibrio. Wa kipindupindu ni ndugu yao. Vibrio vulnificus hupenyea kwenye jeraha, na mwenye ugonjwa wa ini anaweza kufa ndani ya siku chache. Lakini aliyenisumbua akilini ni Vibrio parahaemolyticus, wa kuumiza tumbo, aliyegunduliwa na Mjapani Tsunesaburo Fujino baada ya dagaa wachanga waliokaushwa nusu kuwadhuru watu wa Osaka mwaka 1950: wagonjwa 272, waliokufa 20. Akipata joto na chumvi ya kumtosha, mmoja huwa wawili kwa dakika kama 10 tu. Nilipiga hesabu nyuma ya tiketi ya pantoni. Mmoja wa saa 12 alfajiri, saa 1 ni 64. Saa 2 ni 4,096. Saa 3 ni 262,144, na samaki bado yuko juu ya meza, anapigwa jua.

Barafu humsimamisha, moto humuua. Na maji yasiyo na chumvi humvimbisha hadi apasuke. Ndiyo maana Wajapani huambiwa wasuuze samaki wa baharini kwa maji ya bomba.

Nilirudi kumweleza yule mama. Alisikiliza, kisu mkononi. Samaki wa maji ya bomba hulegea, alisema, mteja akimbonyeza anamwacha. Maji ya bomba hununuliwa kwa ndoo, barafu hununuliwa, maji ya bahari yapo hapo hapo. Tena yeye amekula samaki hao miaka yote, hajalazwa.

Na wateja? Alinyamaza. Kisha akaniuliza: tumbo likimsokota mtu wa Tandika usiku, nani atakayejua kama ni samaki, maji au chakula kingine? Na akijua, atamwambia nani?

Sikuwa na la kumjibu. Kidole chake kilikuwa kimefungwa kipande cha kanga, kimelowa.