Viazi vya Njombe na mapigo ya umeme

MKULIMA wa viazi mviringo wa Mjimwema, mjini Njombe, akishavuna hana siku nyingi za kubishana bei. Viazi vikikaa vinanyauka na kuchipua, na mnunuzi mwenye lori analijua hilo. Ndiyo maana lumbesa haiishi, ingawa sheria inataka gunia lisizidi kilo 100.

Dawa inayotajwa kila mara ni kiwanda. Kiwanda cha namna gani, hilo halijadiliwi sana.

Viwanda vya chipsi za kugandishwa Ulaya na Marekani vilizoea kupasha viazi katika maji ya nyuzijoto kama 60 ili vilainike kabla ya kukatwa. Sasa vingi vimehamia kwenye mapigo ya umeme, na vya krispi pia. Viazi hupita ndani ya maji, katikati ya sahani mbili za chuma, na kupigwa na umeme wa takriban kilovolti 1 kwa sentimita, kila pigo likidumu sehemu chache za milioni ya sekunde. Kiazi hakiivi. Utando wa seli zake hutoboka vitundu visivyoonekana kwa macho, maji ya ndani yakatoka, na kiazi kigumu kikaanza kupindika. Vipande havivunjiki ovyo, makali ya visu hudumu, na mafuta yanayonyonywa kwenye kikaango hupungua. Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Heinz Doevenspeck alilipatia hataza mwaka 1960.

Njombe ina sababu yake ya kulitazama jambo hili, nayo ni baridi. Kiazi kilichohifadhiwa chini ya nyuzi 8 hugeuza wanga kuwa sukari, na krispi zake hutoka nyeusi na chungu. Seli zikitobolewa, sehemu ya sukari hiyo huondoka na maji ya kuoshea.

Umeme wenyewe si mzigo. Mapigo ya tani moja ya viazi hayafiki uniti moja, wakati kuipasha tani hiyo kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunadai karibu uniti 40.

Hesabu inagoma kwenye ujazo. Mashine ya tani 10 kwa saa inameza magunia 100 kwa saa, yaani 800 kwa zamu ya saa nane. Kwa mavuno ya tani 4 kwa ekari, hizo ni ekari 20 kila siku, za mbegu inayofaa kukaangwa, msimu na usio msimu. Mashine ndogo zaidi zipo, ila nazo zinunuliwe kwa fedha za kigeni, na mkopo haungoji mavuno. Kwa mtaji wa ushirika, ghala lenye hewa, mizani na mkataba wa bei kabla ya kupanda vinatangulia.

Atakayejenga kiwanda leo anaweza kuanza na maji ya moto, mradi aache mita chache wazi kati ya mashine ya kumenya na ya kukata. Ya mapigo huingia hapo.